Je, Wajua? Treni ya Mtumba na Fundi Wake

Je, wajua kwamba baadhi ya treni zinazosafirisha wakazi wa Nairobi zilianza kazi katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania? Kenya ilinunua treni 11 za dizeli zilizokwisha kutumika huko, na huduma yake ikazinduliwa Novemba 2020. Ziliundwa miaka ya 1990, na wenyewe waliziacha baada ya kutia reli zao umeme.

Wapo waliolalamika kwamba tumeletewa mitumba. Lakini anayelijua soko la Toi, pale pembezoni mwa mtaa wa Kibera, hatishwi na neno hilo. Mnunuzi wa Toi haulizi nguo ina miaka mingapi. Huigeuza ndani nje, akavuta mshono, akajaribu zipu. Akiona ni kamera, yaani nguo ya daraja la kwanza, hulipa na kuipeleka kwa fundi cherehani aliye hatua chache kando, aipunguze kiuno. Treni nayo hununuliwa vivyo hivyo: kwanza ikuenee, pili uwe na fundi.

Kuenea kwake ni upana wa reli. Ile reli ya zamani ipitayo Kibera ina milimita 1,000 kutoka chuma hadi chuma. Reli za Mallorca ambazo treni hizo zilikuja kuzitumia zilikuwa na milimita 914, zikapanuliwa kufikia 1,000 kuanzia 1981. Ndiyo maana treni zao zilikubali njia yetu. Behewa la reli ya kisasa (SGR), lililoundiwa milimita 1,435, haliwezi kupita Kibera hata kwa kusukumwa.

Je, wajua kwamba treni haina usukani? Siri imo kwenye gurudumu: limechongwa mithili ya koni, nene upande wa ndani, jembamba upande wa nje. Penye kona, gurudumu moja hukanyagia unene wake na mwenzake wembamba wake, treni ikajipinda yenyewe. Umbo hilo likilika, behewa huyumba. Na breki zikikamata ghafla, gurudumu likaburuzwa bila kuzunguka, chuma hulika mahali pamoja, pakawa bapa. Ndipo abiria husikia ta-ta-ta-ta chini ya sakafu. Hapo rangi mpya na viti vipya havisaidii kitu. Gurudumu lazima lirudi karakanani likakerezwe mpaka liviringe tena, na kila likikerezwa hupungua, hadi siku linapobadilishwa.

Upya peke yake hauokoi treni. Addis Ababa ilifungua reli yake ya mjini mwaka 2015 kwa treni 41 mpya kabisa. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimelala kwa kukosa vipuri. Kwa maoni yangu, treni ya mwaka 1995 yenye vipuri kwenye rafu ni bora kuliko mpya isiyo navyo.

Reli ya Kibera ina kumbukumbu za kabla ya treni hizi za mtumba. Januari 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, reli iling'olewa hapa. Mwaka mmoja baadaye msanii Mfaransa aitwaye JR alibandika macho ya akina mama wa Kibera ubavuni mwa mabehewa, na midomo yao kwenye mabati ya mteremko ulio chini ya reli. Treni ilipopita, kwa kufumba na kufumbua, macho yalikutana na midomo na nyuso zikatimia. Picha nyingine zilitandazwa juu ya paa kwa plastiki isiyopitisha maji, zikakinga nyumba wakati wa mvua.

Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, haikubahatika: reli haiingii mtaani, na wengi huko bado wanategemea matatu ya 46. Hao ndio watakaopanda treni pindi itakapowafikia karibu, mradi ziwepo zinazotembea.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia ile ta-ta-ta-ta asubuhi, hesabu behewa lako ni la ngapi kutoka mbele, umwambie mkaguzi wa tiketi.