Tumbawe Ndani ya Taya

Msomaji wetu mmoja wa Tanga aling'olewa jino, akajaziwa punje nyeupe kwenye pengo, akaambiwa kuwa zimetokana na matumbawe na kwamba baada ya miezi kadhaa zitageuka kuwa mfupa wake. Anauliza: jiwe la baharini litageukaje mfupa wa mtu?

Haligeuki, ndugu yangu. Linaliwa.

Habari za damu kuganda na uvimbe wa siku za mwanzo naziruka. Ni zilezile za kidonda chochote. Utamu unaanza pale mishipa midogo ya damu inapopenya ndani ya punje. Tumbawe aina ya Porites, lilelile ambalo mafundi wa pwani walilikata likiwa bichi na laini wakachongea mihirabu, limejaa vitundu vilivyounganika, kila kimoja na upana wa moja ya tano ya milimita hivi. Vingekuwa chini ya nusu ya hapo, mfupa ungepata taabu kuingia.

Kupitia damu hufika seli ziitwazo osteoklasti. Mimi naziita wabomozi. Jina la walamfupa lingezifaa zaidi kama zisingekula na chokaa ya tumbawe. Ni majitu yenye viini vingi, yaliyozaliwa kwa chembe nyeupe za damu kuungana. Mbomozi hukaa juu ya jiwe, akabana ukingo wake pande zote pasibaki upenyo, kisha chini ya tumbo lake humwaga asidi. Damu ina pH ya 7.4, humo chini hushuka hadi 4.5 hivi, na madini huyeyuka. Kwenye mfupa huongeza vimeng'enya vya kumaliza nyuzi za kolajeni. Kwenye tumbawe lililosafishwa hakuna kolajeni ya kumaliza, ila yeye huendelea tu kuyeyusha.

Hebu fikiria nyumba inayokarabatiwa wenyewe wakiwa ndani. Huwezi kuangusha ukuta mzima, dari litawashukia. Mbomozi anatoa matofali machache, anaita waashi, anasogea. Waashi, yaani osteoblasti, wanatandika kolajeni kwenye shimo, wanaipachika madini, na baadhi yao wanazikwa humohumo ukutani wakiwa hai, wakabaki walinzi wa nyumba. Mwishowe ukuta umesimama palepale na hauna hata tofali moja la zamani. Mifupa yako yote hukarabatiwa hivi maishani. Tumbawe limeingizwa tu kwenye zamu iliyokuwepo.

Tatizo ni kwamba wabomozi humaliza sehemu yao kwa wiki chache, ilhali waashi huhitaji miezi, na chokaa tupu inaweza kuisha mapema. Dawa yake ilipatikana Marekani. Mwaka 1974 watafiti Della Roy na Linnehan walieleza jinsi ya kulipika tumbawe kwa joto na shinikizo ndani ya myeyusho wa fosfeti. Chokaa ikawa haidroksiapataiti, madini ya mfupa wenyewe, na vitundu vikabaki vilevile. Hiyo huyeyuka polepole mno. Huweza kuonekana kwenye eksirei miaka mingi baadaye.

Sigara na maambukizi huharibu kazi yote hii, na punje zinazochezacheza huishia kuzungukwa na nyama ya kovu. Basi muulize daktari wako alikuwekea tumbawe lipi, la chokaa tupu au lililopikwa, kabla ya kushtushwa na weupe kwenye picha.