Je, wajua? Kipepeo wa Kolandoto na taa wa pwani huonya kwa rangi

Kipepeo wa rangi ya chungwa anayezagaa vichakani Kolandoto, Shinyanga, ana jambo moja linalomfananisha na samaki wa baharini, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapo: wote wana sumu, na rangi zao zinaitangaza.

Kipepeo huyo ni Danaus chrysippus. Ncha za mabawa yake ni nyeusi, zina mabaka meupe. Mtazame anavyoruka: polepole, chinichini, mchana kweupe, kana kwamba hana adui. Sumu yenyewe ameipata kwenye majani. Jike hutaga yai mojamoja kwenye mimea ya porini yenye utomvu mweupe. Kiwavi huyala majani hayo, sumu yake ikabaki mwilini, na kipepeo anapotoka kwenye kifukofuko anakuwa nayo tayari. Ndege akimdonoa huonja uchungu, akamtema. Siku nyingine akiona chungwa na nyeusi, anapita. Kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba kuna kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, asiye na sumu hiyo, ambaye jike wake amejivika rangi zilezile na kunufaika na woga wa ndege. Dume lake ni jeusi lenye mabaka meupe, halifanani naye kabisa.

Samaki yule naye ni taa wa madoa ya buluu, Taeniura lymma, anayeishi kwenye matumbawe ya pwani yetu. Mgongo wake ni wa kahawia-manjano, umetapakaa madoa ya buluu inayong'aa, na mkiani ana mistari miwili ya rangi hiyohiyo. Yeye sumu anaitengeneza mwenyewe, na huibeba kwenye mwiba wa mkia. Hatagi, huzaa watoto wachache, wasiozidi saba kwa uzazi mmoja, wakiwa wameshavaa madoa ya mzazi.

Tofauti kubwa iko hapa. Sumu ya kipepeo humdhuru anayemla, kwa hiyo mtoto wa Kolandoto akimshika hapati kitu ila vumbi la mabawa vidoleni. Kwa taa, kumkanyaga tu kunatosha akuchome. Maji yakijaa hupanda kwenye mchanga wa kina kifupi kutafuta kaa, uduvi na minyoo, palepale watu wanapotembea. Ukienda pwani, buruta miguu unapoingia majini ili akusikie aondoke. Ukichomwa, loweka jeraha kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili bila kuungua, kwa kuwa joto huivunja sumu hiyo, kisha nenda hospitali.