Mcheza Kwao Hutunzwa: Tujifunze Kiingereza kwa Mambo ya Nyumbani

Kijana wa Samuye hukutana na lugha tatu kabla ndevu hazijamwota. Ya kwanza ni Kisukuma, ambacho humpokea kila asubuhi mlangoni kwa bibi yake kwa salamu ya mwangaluka. Ya pili ni Kiswahili, ambacho hukikuta shuleni, gulioni na katika mkutano wa kijiji. Ya tatu ni Kiingereza. Hicho, ingawa amefundishwa kidogo katika shule ya msingi kama somo, humngojea kwenye kizingiti cha shule ya sekondari kama askari wa zamu anayedai kibali cha kupita.

Zile lugha mbili za mwanzo kijana alijifunza kwa kusema. Alikosea, akasahihishwa na shangazi, akacheka naye, akasema tena. Lugha ya tatu hujifunza kwa kunyamaza, maana akifungua kinywa na kukosea huchekwa. Matokeo yake twayajua sote. Mtoto aliyekuwa hodari wa kuuliza maswali katika darasa la saba huingia Kidato cha Kwanza akawa bubu, na mwalimu asiyemjua humdhania kuwa mjinga.

Jambo hili si la wanafunzi peke yao. Wafanyakazi wengi wa Shinyanga na Geita, watu wazima wenye watoto, nao wanakihitaji Kiingereza na wanaona haya kukisema. Kwa hiyo yafaa tujiulize: mtu anayejifunza Kiingereza katika Samuye azungumze habari gani?

SWALI LA ZAMANI

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki lugha ya sekondari. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kiingie katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu na kueleza kwamba wengi hawakukijua Kiingereza kiasi cha kuweza kusomea masomo mengine. Basi twaona kwamba ukimya wa Kidato cha Kwanza haukuanza jana.

Hatukusudii leo kuumaliza ubishi huo mkubwa wa lugha ya kufundishia. Wenye hoja na waendelee kuhojiana. Lakini wakati wazee wanajadiliana juu ya njia, mtoto yuko njiani anatembea, naye lazima apewe fimbo ya kushika mkononi.

Mara nyingi fimbo anayopewa si ya kimo chake. Vitabu vingi vya mazungumzo ya Kiingereza vilivyotungwa ng'ambo humfundisha mwanafunzi kuagiza chakula hotelini, kuuliza njia ya kwenda kituo cha treni za chini ya ardhi, na kulalamika juu ya mvua. Mtu wa Shinyanga alalamikie mvua! Hapa kwetu wingu likitanda watu hutoka nje kulitazama kwa furaha. Mwanafunzi wa namna hiyo ana kazi mbili kwa pamoja: kutafuta neno asilolijua, na kulielezea jambo asilopata kuliona. Si ajabu anyamaze.

FUNZO LA PAMBA

Tunao mfano wetu wenyewe wa njia iliyo bora. Kati ya mwaka 1968 na 1972 ulifanyika mpango wa elimu ya watu wazima katika mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Makao ya mpango huo yalikuwa Mwanza. Watu wazima hawakupewa vitabu vya watoto. Walitungiwa vitabu vya kazi zao: mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, mvuvi akasoma za samaki, mfugaji akasoma za ng'ombe. Herufi ndizo zilizokuwa ngeni, lakini jambo lililoandikwa alilijua kuliko mwalimu wake.

Hilo ndilo funzo. Mwanafunzi apewe ugeni mmoja kwa wakati mmoja. Kama lugha ni ngeni, jambo na liwe la nyumbani. Anayejua tangu utotoni jinsi viazi vinavyokatwa na kuanikwa juani vikawa michembe hatakosa la kusema akiulizwa juu ya michembe. Atakosa maneno tu, na maneno huokotwa. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa.

TUZUNGUMZE NINI?

Kwanza, salamu na adabu. Huu ni mlango, na wengi hujikwaa hapo. Mtoto wetu huuliza, shikamoo ni nini kwa Kiingereza? Jibu la kweli ni kwamba Kiingereza hakina shikamoo. Heshima ya Waingereza imewekwa mahali pengine: katika kusema tafadhali na asante kwa mambo madogo kabisa, hata mkubwa kumwambia mtoto. Sisi heshima ya kuomba tumeitia ndani ya kitenzi chenyewe, tukisema naomba maji. Basi Mswahili akimwambia Mwingereza nipe maji kwa maneno yake ya Kiingereza bila kuongeza neno la tafadhali, ataonekana mkali, kumbe hakukusudia ukali. Na Mwingereza anayewapita wazee bila kuwasalimu ataonekana kwetu mtovu wa adabu, kumbe hakukusudia dharau. Mazungumzo ya namna hii humfundisha kijana kwamba kila watu wana adabu zao, na kwamba kujifunza ya wengine si kuzitupa zake.

Chukueni pia neno pole. Mtu akijikwaa, sisi humwambia pole ingawa hatukumkwaza. Waalimu wengi huwaambia wanafunzi kwamba pole ni "sorry". Lakini neno hilo la Kiingereza hutumika pia kukiri kosa. Mfanyakazi akiona chombo kimeharibika akamwambia msimamizi wa kigeni neno hilo kwa huruma tu, msimamizi aweza kudhani kwamba ndiye aliyekiharibu. Tazameni jinsi neno moja dogo laweza kumtia mtu mashakani!

Pili, jamaa. Kiingereza humwita baba mkubwa, baba mdogo na mjomba kwa jina moja tu, "uncle". Mwanafunzi wa Samuye aulizwe aeleze kwa Kiingereza tofauti ya watu hawa watatu, ni nani ana wajibu gani katika arusi, na ni nani hukaa wapi katika msiba. Hapo atalazimika kutumia sentensi nzima mahali pa neno moja, na kwa kufanya hivyo atajifunza Kiingereza kingi kuliko kwa kukariri orodha ya majina ya matunda.

Tatu, ng'ombe, mahari na shule. Hapa tunaingia katika mambo mazito, nayo ndiyo yanayowafungua watu vinywa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Mwaka 2016 pia ada iliondolewa katika shule za serikali hadi Kidato cha Nne. Basi waulizwe wanafunzi, wavulana kwa wasichana: baba mwenye binti wa miaka 15 na mgeni mwenye ng'ombe amekuja, afanye nini? Kila mmoja ana jibu lake, na kila mmoja atapigana na Kiingereza mpaka jibu lake lisikike. Pengine msichana atakayekuwa amelisema neno lake darasani kwa lugha ya kigeni ataweza kulisema nyumbani kwa lugha ya mama yake.

NENO LA "KWA SABABU"

Nne, tuzungumze juu ya sababu za mambo. Sarufi ya kueleza sababu ni ngumu katika lugha yoyote, na hapa kwetu ina uzito wa uhai na kifo.

Sote twajua aibu iliyoupata mkoa huu na jirani zake, ya vikongwe kuuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa ajili ya macho yao mekundu. Mwalimu na aandike swali ubaoni: kwa nini macho ya bibi ni mekundu? Jibu: kwa sababu ya moshi. Kwa nini moshi ni mwingi? Kwa sababu apikia kinyesi cha ng'ombe. Kwa nini apikia kinyesi? Kwa sababu kuni hazipatikani. Kwa nini kuni hazipatikani? Kwa sababu misitu ilifyekwa, tangu siku za mkoloni ili kufukuza mbung'o, na baadaye kwa mashamba ya pamba na wingi wa mifugo. Na je, yawezekana kuni zirudi? Yawezekana. Tangu mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kama HASHI, uliwahimiza wananchi kuzirudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa desturi ya Kisukuma ili majani na miti iote. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa.

Mwanafunzi aliyeipanda ngazi hiyo ya "kwa sababu" kutoka jicho la bibi hadi msitu, amejifunza sarufi ya Kiingereza, naye amejifunza pia kutomnyooshea kidole mzee asiye na hatia. Hatujui somo gani la lugha lingekuwa na faida kuliko hilo.

KAZI NA MKATABA

Tano, kazi. Ukanda wetu ni wa migodi. Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa katika mwaka 1940 na Bwana Williamson wa Kanada. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Katika kazi za namna hii mitambo hutoka ng'ambo na maelezo yake huandikwa kwa Kiingereza. Mfanyakazi na ajizoeze kusema kwa sauti: simama, usiguse, sijaelewa, rudia tena. Neno la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa maana wengi wameitikia ndiyo kwa jambo wasilolielewa, kwa kuogopa kuonekana wajinga. Kuuliza si ujinga.

Na ajue kwamba sheria iko upande wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mfanyakazi asipoyaelewa maelezo ya kazi yake yaliyoandikwa, mwajiri hana budi kuhakikisha anaelezwa kwa namna anayoielewa. Basi hata asiyejua Kiingereza hata kidogo asitie sahihi gizani.

TUSIDHARAU CHETU

Wapo watakaosema kwamba tunawapigia debe Waingereza. Sivyo. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na mwaka huohuo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Lugha yetu haiombi mahali pa kukaa. Kiingereza kwetu ni chombo, kama jembe la plau: hatukulibuni sisi, lakini shamba linalolimwa ni letu na mavuno ni yetu. Ubaya ni pale mtu anapodhani kwamba jembe limemfanya bora kuliko jirani yake, akaanza kuwacheka wasionalo.

Na kucheka huku ndiko tunakotaka kukome. Kisukuma hakitofautishi sauti ya l na r, kwa hiyo wengi wetu huzibadilisha tunaposema Kiingereza. Hilo si kosa la akili, ni alama ya ulimi uliokua nyumbani. Anayemcheka mwenziwe kwa hilo anamfunga kinywa, na kinywa kilichofungwa hakijifunzi.

Tunashauri basi jambo jepesi, ambalo halihitaji fedha. Katika Samuye na katika kila kata, wanafunzi, wafanyakazi na wazazi wanaopenda wakutane mara moja kwa juma, saa za jioni, chini ya mti au katika darasa lililo wazi. Mwalimu mmoja au mwanafunzi wa Kidato cha Nne awe mwongozi. Kila siku liwe jambo moja: salamu, msiba, bei ya pamba, mgonjwa, deni, urafiki, mkataba. Anayekwama aseme kwa Kiswahili au Kisukuma, na wenzake wamsaidie kulivusha neno lake. Sheria ya mkutano iwe moja: hapana kucheka aliyejikwaa, maana kujikwaa si kuanguka.

Yule mtoto aliyenyamaza Kidato cha Kwanza ana mengi ya kuuambia ulimwengu: habari za ng'ombe, za jua, za bibi yake na za moshi jikoni. Ni juu yetu sisi wakubwa kuanza kumwuliza.