Kutoka Leso hadi Burukini: Majina ya Mavazi ya Wanawake ya Kuogelea katika Kiswahili

Kitenzi ogelea kina historia ambayo aghalabu hatuizingatii. Mzizi wake ni oga, ukaongezwa viambishi vya kauli ya kutendea mara mbili: oga, ogea, ogelea. Umbo ogea limebakia na maana ya wazi, ndiposa tunasema sabuni ya kuogea. Lakini ogelea limejitenga na kuwa kitenzi kinachojisimamia, chenye maana ya kwenda majini kwa kupiga mikono na miguu. Kigikuyu, lugha ndugu ya Kimbeere, kimepitia njia iyo hiyo, maana thambĩra (ogelea) imetokana na thamba (oga). Hata Waingereza na Wafaransa waliyaita mavazi yao ya baharini kwa jina la kuoga. Katika lugha zote hizi, mwogeleaji ni mwogaji kwanza. Na mwogaji, kama ijulikanavyo, huvua nguo, havai. Nadhani hapa ndipo tatizo la istilahi zetu linapoanzia.

Tuchukue mfano wa Kiritiri, mji mdogo wa Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu. Nchi yenyewe ni kame, ila Mto Tana unaopita mpakani mwa eneo hilo umezibwa kwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Maji ni mengi, nayo yana viboko na mamba. Wanawake na wasichana huyafikia maji kwa kazi, yaani kuteka, kufua na kunywesha mifugo. Msichana aliyebahatika kusomea shule yenye kidimbwi cha kuogelea ataitaja kostiumu, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza na kuzoeleka katika shule za Kenya. Asiyebahatika hana jina, kwa kuwa hana nguo yenyewe wala fursa ya kuivaa. Kaka yake hujifunza kuogelea akiwa na kaptula au bila kitu. Yeye hukatazwa kwa sababu ya heshima, na akiteleza kwenye ukingo wa bwawa hana ujuzi wa kujiokoa.

Pwani hali ilikuwa tofauti kidogo. Wanawake wa mwambao waliingia baharini wakati wa bamvua kutafuta pweza na chaza, nao waliingia na nguo zilezile za kutwa: kaniki, merikani, baadaye leso. Majina haya yana mafunzo. Merikani ni kitambaa cha pamba kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Kimarekani, hasa wa Salem, katika karne ya 19. Jina la nchi likawa jina la nguo. Leso ni neno la Kireno, nalo kanga ni jina la ndege mwenye madoadoa. Hakuna hata moja linalotaja maji. Kwa Mswahili wa kale hapakuwa na vazi la kuogelea. Palikuwa na vazi, na mara nyingine lililowa.

Neno bikini lilikuja baadaye, likiwa na mkasa wake. Bikini ni kisiwa cha Marshall katika Bahari ya Pasifiki. Mwezi Machi 1946 wakazi wake 167 walihamishwa na Wamarekani, na tarehe 1 Julai majaribio ya mabomu ya nyuklia yakaanza huko. Siku nne baadaye, tarehe 5 Julai, Louis Réard, mhandisi wa magari aliyegeukia ushonaji, alionyesha jijini Paris vazi lake la vipande viwili na kulipa jina la kisiwa hicho. Mwenzake Jacques Heim alikuwa ameliita lake Atome, yaani atomu. Majina yote mawili yalitumia kishindo cha bomu kuuzia nguo. Sijui kama yupo mwanamke anayelivaa vazi hilo leo huku akiwakumbuka watu wale 167.

Kimofolojia, yaliyofuata yanatuhusu moja kwa moja. Silabi bi- haina maana yoyote ya idadi katika jina hilo la kisiwa. Lakini kwa kuwa vazi ni la vipande viwili, wasemaji waliisikia kama kiambishi cha Kilatini chenye maana ya "mbili", na -kini iliyobaki ikageuzwa kuwa mzizi. Mwaka 1964 Rudi Gernreich akatoa monokini, na baadaye zikaja trikini na tankini. Mwanafunzi wa Kiswahili hatashangaa. Sisi tulilipokea neno la Kiarabu kitabu, tukaisikia ki- kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata vitabu. Tukalichukua neno la Kiingereza la bamba la kuzuia matope, tukalifanya madigadi, kisha tukakata ma- tukapata digadi moja. Vipilefti vya barabarani navyo vilizaliwa hivyo hivyo. Hii si makosa ya wajinga kama wengine wanavyodai. Ndivyo lugha hai inavyokula.

Mtoto wa mwisho wa ukoo huu ni vazi lililobuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti huko Sydney, lenye kufunika mwili wote isipokuwa uso, mikono na nyayo. Jina lake limeunganisha burka na -kini. Tukitaka kulitohoa kwa Kiswahili lazima tuwe waangalifu, kwani tukiidondosha r tutapata Bukini, jina la kale la Madagaska. Heri burukini. Jambo jingine ni kwamba burka ina asili moja na barakoa yetu, ile ya kufunika uso ambayo wanawake wa Oman na Unguja waliivaa, na ambayo tangu 2020 imekuwa jina la kifuniko cha pua na mdomo. Ajabu ni kwamba burukini haifuniki uso hata kidogo. Jina limesema uongo, na uongo huo ulikuwa na gharama: mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa ililipiga marufuku vazi hili, hadi tarehe 26 Agosti mahakama ya juu ya kiutawala iliposimamisha marufuku ya mji mmojawapo, Villeneuve-Loubet.

Huko Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya namna hiyo. Picha zilizopigwa na Anna Boyiazis kuhusu mafunzo hayo zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Haja yenyewe ni kubwa. Tangu 1989 maelfu ya wanawake wa Unguja wamelima mwani katika maji mafupi ya Paje, Jambiani na kwingineko, wakiwa na kanga na madera. Bahari ilipozidi joto, aina ya mwani yenye bei nzuri ikaanza kufa maji mafupi, na wakulima wakahitaji kwenda kina kirefu zaidi. Wengi wao hawakujua kuogelea, na kanga iliyolowa humvuta mtu chini.

Kwa hiyo suala la istilahi si la mapambo. Mfasiri anayeiandika bikini kuwa "chupi na sidiria za kuogelea" anaipotosha maana na kuirudisha nguo ya michezo chumbani. Mzazi wa Kiritiri akilisoma tangazo kama hilo hatamruhusu bintiye kwenda. Binafsi ningependekeza tubakie na bikini katika ngeli ya I-ZI, tuikubali kostiumu kwa vazi la kipande kimoja maadamu watoto wameshaiamua, na tuipe burukini nafasi katika kamusi na katika barua za shule kwa wazazi, ikiwa na maelezo ya waziwazi ya sehemu za mwili inazofunika.