Malisho Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Anayetaka kuanza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa huuliza kwanza ni aina gani inayotoa maziwa mengi. Jibu linajulikana: ni Friesian, yule wa mabaka meusi na meupe. Lakini maziwa hutokana na majani, maji na afya. Mbegu huweka tu kikomo cha kiasi ambacho mnyama anaweza kukifikia. Mfugaji mwenye eka moja au mbili anapaswa kupima kwanza uwezo wake wa kulisha na kukinga magonjwa, ndipo atafute ng'ombe anayelingana na uwezo huo. Kwa wafugaji wadogo wengi wa Tanzania, ng'ombe huyo ni chotara, mwenye damu ya kigeni na ya asili.

Tuanze na hesabu ya tumbo. Kwa siku, ng'ombe wa maziwa hula malisho ambayo, yakikaushwa kabisa, huwa na uzito wa karibu asilimia 3 ya uzito wake. Friesian wa kilo 500 anahitaji kilo 15 za namna hiyo. Majani ya tembo mabichi huwa na maji takribani sehemu nne kati ya tano, kwa hiyo kumshibisha kwa majani hayo peke yake ni kukata na kubeba kilo 75 kila siku. Chotara wa Jersey mwenye kilo 350 hutosheka na kilo 50 hivi. Wakati wa masika tofauti hiyo haisumbui, lakini kiangazi kikikolea ndiyo inayoamua nani ataendelea kukamua. Friesian asiyeshiba hupunguza maziwa, huyeyusha mafuta ya mwili wake, hukonda na kukaa miezi bila kuingia kwenye joto. Asiposhika mimba, hakuna ndama wala maziwa ya mwaka unaofuata. Pumba na mashudu ya alizeti husaidia, ila hayawezi kuchukua nafasi ya majani kwa mnyama anayecheua.

Mazingira nayo yana neno lake. Friesian na Ayrshire asili yao ni nchi za baridi, Uholanzi na Uskoti. Rungwe, Njombe na miteremko ya Kilimanjaro huwafaa kuliko joto la Pwani, ambalo huwapunguzia hamu ya kula. Tishio kubwa zaidi ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia anayependa kujishikiza masikioni. Mnyama hupata homa, tezi za chini ya masikio na mbele ya bega huvimba, kisha hupumua kwa shida. Ng'ombe wa asili waliozaliwa penye ugonjwa huu wengi hunusurika, lakini ng'ombe wa kigeni asiyekingwa anaweza kufa katika muda mfupi. Chotara naye lazima aogeshwe na kuchanjwa. Watafiti wa Mpwapwa, walipotafuta ng'ombe wa kufaa nyanda kavu za Dodoma, walichanganya damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, ng'ombe wetu wa asili, na kiasi kidogo tu cha Ayrshire.

Wapo watakaosema kwamba kuchagua chotara ni kujinyima, maana Friesian anaweza kupita lita 20 kwa siku, wakati chotara wengi hukaa kati ya lita 8 na 12. Ni kweli, lakini lita hizo 20 ni za ng'ombe aliyeshiba, mwenye maji ya kutosha na daktari wa mifugo karibu. Kinachomjenga mfugaji ni kile kinachobaki baada ya kulipia chakula, dawa na uhimilishaji, pamoja na ndama anayezaliwa kwa wakati. Wengine watasema basi tubaki na ng'ombe wa asili. Huyo ni mstahimilivu, lakini lita 1 hadi 3 haziwezi kulipia banda na majani ya kukatwa. Nafasi yake nzuri ni kuwa mama wa chotara.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba uchotara haudumu. Ng'ombe mwenye nusu ya damu ya kigeni akihimilishwa kwa mbegu ya Friesian, ndama huwa na robo tatu ya damu ya kigeni. Huyo naye akihimilishwa vivyo hivyo, ndama wake hufikia saba ya nane, na mfugaji amerudi kule alikokukwepa. Dawa yake ni daftari. Andika baba wa kila ndama, na umwambie mhimilishaji unataka mbegu gani. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, huzalisha mbegu za aina kadhaa, kwa hiyo mtamba wa robo tatu si lazima apewe Friesian tena.

Basi panda majani ya tembo miezi mitatu au zaidi kabla ya kununua, na uhifadhi malisho makavu ya kiangazi. Kisha nunua mtamba mmoja mwenye mimba. Kagua chuchu zote nne na masikio yake, na uulize chanjo alizopata, tarehe aliyohimilishwa na maziwa ya mama yake. Ukimvusha kiangazi kimoja akiwa ameshiba, ongeza wa pili. Ukishindwa, ng'ombe mkubwa zaidi hatakuokoa, ongeza majani.