Pigo na Mdundo

Katika nyua za Goma, watu wanapotwanga sombe, pengine utaona michi miwili katika kinu kimoja. Mchi mmoja unapanda, mwingine unashuka: tu! tu! tu! tu! Hakuna anayehesabu kwa sauti, wala michi haigongani. Kwa sababu gani? Kwa sababu watwangaji wote wawili wanafuata pigo moja.

Pigo ni kile kinachorudi baada ya muda ulio sawa, kama hatua za mtu atembeaye bila haraka, au kama moyo kifuani. Hata tukinyamaza, pigo laendelea ndani yetu.

Sasa mtwangaji mmoja anagonga ukingo wa kinu mara mbili upesi, kisha anarudisha mchi ndani: tu, ka-ka, tu, ka-ka. Kazi imekuwa kama wimbo! Lakini pigo halikubadilika. Mpango huo wa sauti fupi na sauti ndefu, pamoja na vituo vya kimya, ndio mdundo. Pigo ni njia; mdundo ni mchezo wetu juu ya njia hiyo.

Jaribuni wenyewe. Simameni, mkanyage chini: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Miguu isibadili mwendo. Kisha semeni majina haya:

Go – ma: silabi moja kwa kila hatua.
Nyira – gongo: silabi mbili kwa kila hatua.
Kiii – vuuu: hatua mbili kwa kila silabi.

Mmeona? Majina matatu yametoa midundo mitatu, lakini miguu imekwenda vile vile. Miguu ilishika pigo, kinywa kilifanya mdundo.

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Wakifika kwenye Nyiragongo, miguu hukimbia kwa kuwa silabi ni nyingi. Wakifika kwenye Kivu, miguu hulala. Lakini silabi nyingi si haraka, na silabi chache si uvivu.

Kosa hili ni dogo darasani, lakini kanisani ni kubwa. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Katika Misa hiyo, kucheza kwa heshima kuna mahali pake. Basi, fikirini maandamano ya matoleo. Mama mmoja amebeba kikapu cha viazi kichwani. Mzee anafuata na fimbo yake. Mpiga ngoma akikimbia, mama atajikwaa na mzee ataachwa nyuma. Waimbaji nao watagawanyika, hawa mbele, hawa nyuma. Kwa hiyo mmoja ashike pigo kwa ngoma kubwa, bila mapambo. Wengine waweke midundo yao juu yake.

Kwaya iliyoshika pigo yaweza kubeba midundo mingi. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, kwaya ya Padre Guido Haazen, yenye wavulana na walimu wao, iliimba Missa Luba. Maneno yalikuwa yale yale ya Kilatini ya Misa, lakini yaliimbwa kwa midundo na ngoma za Kongo. Watu wa Ulaya walipoyasikia walistaajabu.

Mwenye ngoma kubwa hasifiwi sana, kwa kuwa hupiga jambo moja tu. Lakini yeye akiyumba, wote wanayumba. Kila kazi ya pamoja humhitaji mtu wa namna hiyo.

Maswali
1. Pigo ni nini? Mdundo ni nini?
2. Kwa nini michi miwili haigongani katika kinu kimoja?
3. Kanyageni pigo kwa miguu, na kila mmoja apige makofi silabi za jina lake. Nani ameweza bila kubadili miguu?