Picha Imepokelewa, Kazi Haijaisha

Picha iliyopigwa kwa simu yenye kamera ya megapikseli 12 ina pikseli zipatazo 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu, yaani nukta milioni 12 za rangi, na kwa kuwa kila nukta huhitaji baiti tatu ili kueleza kiasi chake cha wekundu, kijani na buluu, picha hiyo ikikunjuliwa katika kumbukumbu ya kompyuta hujaza megabaiti 36 hivi. Faili lenyewe linalotoka kwenye simu ni dogo zaidi, mara nyingi megabaiti tatu hadi tano, kwa sababu limebanwa kwa kufuata JPEG, kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 1992, ambacho huigawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane na kutupa maelezo ambayo jicho la binadamu haliyatambui kwa urahisi. Mwenye simu huliona faili dogo tu likisafiri; anayeibeba picha kubwa iliyokunjuliwa ni seva, yaani kompyuta inayoihudumia tovuti.

Kazi inayopaswa kufanywa juu ya picha hiyo ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Tovuti ya kuuzia magari yaliyotumika au ya kupangishia nyumba haiwezi kumpelekea kila mgeni faili la megabaiti nne, kwani ukurasa wenye matangazo 20 ungekula megabaiti 80 za bando lake kabla hajabofya tangazo hata moja. Hivyo hulazimika kuhakikisha kwamba faili lililoletwa ni picha kweli, kulikunjua, kuisimamisha picha ikiwa imelala, kutengeneza kijipicha cha kuwekwa kwenye orodha, nakala ya wastani ya kutazamwa kwenye simu na nyingine kubwa ya kutazamwa kwenye kompyuta, kuzibana upya zote, kuzipeleka kwenye ghala la mafaili, na kuandika anwani zake katika hifadhidata. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010, wahandisi wa Facebook walieleza kwamba kila picha iliyopakiwa ilizaa nakala nne za ukubwa tofauti, kwamba picha bilioni 65 zilizokwisha kupokelewa zilikuwa zimegeuka mafaili bilioni 260 yenye zaidi ya petabaiti 20, petabaiti moja ikiwa sawa na gigabaiti milioni moja, na kwamba kila wiki ziliingia picha mpya bilioni moja.

Ugumu wa kuifanya kazi hiyo papo kwa papo unatokana na jinsi wavuti ulivyojengwa. Kivinjari hutuma ombi, seva hutoa jibu, na katikati ya mambo hayo mawili mtumiaji husubiri huku sehemu ya seva iliyolipokea ombi lake ikiwa imeshikika na haiwezi kumhudumia mwingine. Ikiwa picha kumi zinahitaji sekunde mbili kila moja, mtumiaji atautazama ukurasa usiosogea kwa sekunde 20, na mtandao ukiwa dhaifu atadhani umekwama na kubonyeza kitufe tena, hivyo kazi ileile itaanza upya sambamba na ya kwanza. Zaidi ya hayo, seva za mbele zina ukomo wa kusubiri: Heroku, mojawapo ya huduma za kukodisha seva, hukata ombi lolote ambalo halijaanza kujibiwa ndani ya sekunde 30, hata kama picha ya mwisho ilikuwa imebakiza hatua moja tu.

Suluhisho lililozoeleka ni kuitenganisha ahadi na utekelezaji wake. Seva hupokea faili, huliweka lilivyo katika ghala, huandika hati fupi ya kazi inayosema kwamba picha yenye namba fulani inahitaji kuchakatwa, huiweka hati hiyo katika foleni, kisha humjibu mtumiaji mara moja. Pembeni, mbali na mazungumzo ya kivinjari na seva, programu nyingine ambazo hapa zitaitwa watendakazi huchukua hati moja baada ya nyingine na kuifanya kazi chinichini. Kanuni za HTTP, ambazo ndizo zinazotawala maombi na majibu ya wavuti, zimeitengea hali hiyo namba yake, 202, inayomaanisha kwamba ombi limekubaliwa lakini bado halijatekelezwa. Foleni yenyewe inaweza kuwa programu maalumu kama RabbitMQ au Redis, au ikawa jedwali la kawaida ndani ya hifadhidata, na njia hii ya pili si ya kudharauliwa: kampuni ya Shopify ya Kanada iliitumia katika miaka yake ya mwanzo, kisha ikaitoa kwa umma kwa jina la Delayed Job, na miongoni mwa kazi ambazo jedwali hilo lilibebeshwa ilikuwamo hasa ya kubadilisha ukubwa wa picha.

Hati ya kazi haibebi picha. Hubeba namba yake tu, kwa sababu foleni iliyojazwa mafaili mazima huelemewa upesi. Uamuzi huo mdogo huleta mtego ambao huwanasa hata watengenezaji wazoefu. Mara nyingi seva huandika taarifa za picha katika hifadhidata ndani ya muamala, yaani kundi la maandishi ambalo halionekani na wengine mpaka lithibitishwe, na ikiiweka hati katika foleni kabla ya uthibitisho huo, mtendakazi mwepesi anaweza kuidaka hati, kuitafuta picha kwa namba yake, na kuambiwa kwamba haipo. Hitilafu hiyo haionekani kwenye kompyuta ya mtengenezaji, ambako kila kitu kina nafasi ya kutosha. Hujitokeza siku tovuti inapopata wageni wengi, kisha hutoweka kila inapochunguzwa. Dawa yake ni kuuthibitisha muamala kwanza na kuiandika hati baadaye.

Foleni haipunguzi kazi hata kidogo. Hubadilisha tu anayesubiri, kwani mtumiaji huachiwa huru na picha ndiyo inayobaki ikingoja. Fundi cherehani anayepokea vitambaa kwa tabasamu wiki ya mwisho ya Ramadhani hajaongeza mikono wala cherehani, na ahadi zake zote zitadaiwa siku ileile ya Idi. Hesabu za jambo hili zilianzwa na Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, ambaye mwaka 1909 alichapisha uchambuzi wake kuhusu jinsi simu zinavyoingia katika kituo cha kuunganishia, na jina lake ndilo linalobebwa na lugha ya kompyuta ambayo RabbitMQ imeandikwa kwayo. Ikiwa watendakazi wanne wanatumia sekunde mbili kwa kila picha, wanamaliza picha 120 kwa dakika. Zikiingia 180 kwa dakika, mrundikano huongezeka kwa picha 60 kila dakika, baada ya dakika kumi zimelala picha 600, na hata mlango ukifungwa kabisa itachukua dakika tano kuzimaliza. Wingi ukiendelea, foleni haitulii katika urefu wowote bali hurefuka bila kikomo, na kwa hiyo kipimo anachopaswa kukitazama mwangalizi wa mfumo si idadi ya hati zilizomo bali umri wa ile iliyokaa muda mrefu kuliko zote. Ni kwa sababu hiyohiyo picha hutengewa foleni yake, ili barua pepe ya mtu aliyesahau nenosiri isikae nyuma ya albamu ya harusi.

Kuongeza watendakazi kunasaidia, lakini kila mmoja anadai megabaiti zake 36 na zaidi, kwani picha ya asili na nakala yake huishi katika kumbukumbu kwa wakati mmoja. Baadhi ya programu za kuchakata picha hukwepa gharama hiyo kwa kuisoma picha kipandekipande na kuandika matokeo huku zikiendelea kusoma. Mojawapo ni libvips, iliyozaliwa katika mradi wa Ulaya uliohusisha National Gallery ya London, ambako michoro ya rangi ilihitaji kupigwa picha kubwa mno kuweza kuenea katika kompyuta za wakati huo. Chombo cha makumbusho leo hii kinapunguza picha za sofa na pikipiki.

Kazi inayofanyika bila mtu kuitazama inaweza pia kufa bila mtu kujua. Umeme ukikatika au programu ikianguka wakati mtendakazi yuko katikati ya picha, hati yake haipaswi kupotea, kwa hiyo foleni nyingi huifuta pale tu mtendakazi anapotoa taarifa kwamba amemaliza, na taarifa hiyo isipofika, hati hukabidhiwa mwingine. Matokeo yake ni kwamba kazi inaweza kufanyika mara mbili, na lazima iandikwe kwa namna ambayo marudio hayadhuru: kijipicha cha picha namba 57 kiandikwe mahali palepale kila mara, badala ya kuongezwa kipya kila jaribio. Sidekiq, foleni maarufu kwa watumiaji wa lugha ya Ruby, hurudia kazi iliyoshindikana mara 25 katika muda wa siku 21 hivi, kila mara ikirefusha mapumziko. Subira ya namna hiyo inafaa pale ghala la mafaili linapokuwa limezimika kwa muda, lakini faili lililoharibika litashindwa mara ya 25 kama lilivyoshindwa mara ya kwanza, na kuliacha lizunguke kwa wiki tatu huku mtumiaji akionyeshwa duara linalozunguka ni uzembe wa mtengenezaji. Mtendakazi anapaswa kutofautisha kilichokwama na kisichowezekana, na kwa hicho cha pili aseme mara moja.

Hatari nyingine hutokana na taarifa ambazo simu huziambatisha ndani ya faili kwa mfumo uitwao EXIF. Zimo tarehe, aina ya kamera, namba inayoonyesha simu ilishikwa vipi, na mara nyingi latitudo na longitudo ya mahali picha ilipopigwa. Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, mwasisi wa kampuni ya programu za kupambana na virusi, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize kwa mahojiano, na vipimo vilivyosahaulika ndani ya faili vikamwonyesha kila mtu kwamba alikuwa Guatemala. Mtendakazi ndiye anayezifuta taarifa hizo, baada ya kwanza kuizungusha picha kwa mujibu wake, kwa sababu akifuta kabla ya kuzungusha picha italala ubavu. Tovuti inayoonyesha faili la asili kwa muda, wakati nakala safi zikiwa bado foleni, inaweza kuitangaza nyumba ya muuzaji kwa dakika zote ambazo mrundikano utadumu, na hilo ni jambo ambalo majaribio ya kawaida, yenye picha moja na foleni tupu, hayalifichui kamwe.

Faili linaweza pia kuletwa kwa nia mbaya. Mei 2016 yalitangazwa mapungufu katika ImageMagick, programu ya picha inayotumiwa na tovuti nyingi, ambayo yalimwezesha mtu kupakia faili lililojifanya picha kumbe limebeba amri za kutekelezwa na seva. Kuwaweka watendakazi katika kompyuta iliyotengwa, isiyo na funguo za hifadhidata nzima, ni faida ya mpangilio huu ambayo haisifiwi vya kutosha.

Linabaki swali la kumwambia nini mtumiaji katika pengo lililo kati ya kupokelewa na kukamilika, na hapa ndipo tovuti nyingi husema uongo kwa kuandika kwamba picha imewekwa ilhali haipo popote pa kuonekana. Njia ya kiungwana ni kumwonyesha nakala iliyomo tayari ndani ya simu yake mwenyewe, kuandika wazi kwamba inachakatwa, na kivinjari kikawa kinauliza kila baada ya sekunde chache kama kazi imeisha. Waanzilishi wa Instagram, iliyotoka Oktoba 2010, walilipunguza pengo hilo kutoka upande wa pili: programu ilianza kuipeleka picha kwenye seva wakati mtumiaji akiwa bado anaandika maelezo yake, hivyo alipobonyeza kitufe cha mwisho sehemu kubwa ya kungoja ilikuwa imekwisha kupita bila yeye kuihisi.

Si kila tovuti inayohitaji mitambo yote hii. Blogu inayopokea picha tatu kwa wiki inaweza kuzichakata hapohapo, na nyingine huacha nakala zitengenezwe pale tu msomaji wa kwanza anapoziomba, kisha huziweka akiba kwa wanaofuata. Lakini vyovyote nakala zilivyozaliwa, siku mwenye picha atakapoifuta lazima zote zifutwe, pamoja na hati ambayo huenda ingali foleni, la sivyo mtendakazi atakitengeneza upya kijipicha cha picha isiyokuwapo tena. Mwaka 2012 Ars Technica, jarida la mtandaoni la Marekani, liliripoti kwamba picha zilizofutwa na watumiaji wa Facebook zaidi ya miaka mitatu kabla zilikuwa zikifunguka bado kwa yeyote mwenye anwani yake kamili, na kampuni ikaeleza kwamba mifumo yake ya zamani haikuwa ikiziondoa kila mara katika muda unaofaa. Ndiyo maana ufutaji nao hugawanywa mara mbili: picha hufichwa papo hapo mbele ya mtumiaji, kisha hati ya kuifuta kila nakala huingia katika foleni, na hati hiyo, tofauti na ya kijipicha, haina idadi ya majaribio ambayo baada yake inaruhusiwa kuachwa.